Nani Ana Kibali cha Kutusi? Utani, Jamii na Maana ya Maneno Makali: Tafakuri kutoka Mshangano, Songea

Ikisiri

Makala haya yanahoji mtazamo unaolichukulia tusi kuwa sifa ya neno. Yakiutazama utani wa makabila kutoka Mshangano, kata ya Manispaa ya Songea mkoani Ruvuma, yanadai kwamba ukali wa neno hutegemea kibali ambacho jamii imempa msemaji, pamoja na wajibu unaoambatana na kibali hicho. Hata hivyo, makala hayakubaliani na hoja nyepesi kwamba muktadha huondoa ukali wa kila neno. Jamii si kitu kimoja. Kibali kina historia, kina mipaka, na mara nyingine hudaiwa na mtu asiyekuwa nacho. Mjadala unahusisha nadharia ya uhusiano wa utani, nadharia ya staha, historia ya Wangoni wa Songea, mfano wa neno zeruzeru, na namna kamusi na sheria zinavyoyashughulikia maneno ya aina hii. Makala yanapendekeza maswali matatu ya kupima tusi: nani ana kibali, amekilipia nini, na nani anaweza kukiondoa.

1. Utangulizi

Chukua sentensi moja ya kutungwa: "Mtumwa wangu huyu kafa bila kuniaga, nani atanilipa?" Inasemwa katika uwanja wa msiba Mshangano, na mgeni wa Kihehe aliyejilaza njiani ili jeneza la jirani yake Mngoni lisipite. Waombolezaji wanacheka huku machozi hayajakauka. Mtu wa familia anatoa sarafu, mgeni anainuka, na msafara unaendelea. Sasa sentensi ileile isemwe na mpangaji aliyehamia mtaani mwezi uliopita, ambaye kwao hakuna utani na Wangoni. Hakuna atakayecheka. Kisha ichukuliwe mara ya tatu: tukio la kwanza limerekodiwa kwa simu na kusambazwa katika kundi la WhatsApp ambalo wanachama wake wengine hawajawahi kufika Songea. Wapo watakaocheka, wapo watakaokasirika kwa niaba ya marehemu, na wapo watakaouliza kwa nini polisi hawajachukua hatua.

Katika hali zote tatu maneno ni yaleyale na sarufi ni ileile. Maana ya kikamusi ya mtumwa haikubadilika. Kilichobadilika ni nani anasema, kwa nani, mbele ya nani, na kwa haki gani. Wanaisimujamii wamekuwa wakilisema jambo hili tangu Malinowski (1923) alipozungumzia muktadha wa hali, na tangu Hymes (1972) alipoorodhesha vipengele vya tukio la mawasiliano. Kwa hiyo kusema kwamba muktadha huathiri maana si ugunduzi tena. Swali gumu zaidi ni hili: muktadha unapata wapi nguvu hiyo, na nguvu hiyo inakomea wapi?

Makala haya si ripoti ya utafiti wa uwandani. Ni uhakiki wa namna taaluma, kamusi na sheria zinavyolishughulikia neno kali, na mifano yote ya mazungumzo iliyomo imetungwa kwa ajili ya hoja. Mshangano imechaguliwa kwa sababu inaliweka swali hili wazi. Ni kata ya mjini katika mkoa wa Wangoni, Wandendeule, Wamatengo, Wayao na Wanyasa, ambamo pia wapo wahamiaji kutoka Njombe, Iringa na kwingineko. Watu hawa wanaishi ukuta kwa ukuta, wanazikana, na wanazungumza Kiswahili. Desturi zilizolelewa katika jamii za vijijini zinakutana hapo na majirani wasiozijua, na Kiswahili wanachokitumia wote hakimwambii msikilizaji nani ni mtani wa nani.

2. Tusi katika neno na tusi katika uhusiano

Mtazamo wa kwanza unaliweka tusi ndani ya neno. Wazungumzaji wenyewe wanao mtazamo huu, na Kiswahili kina istilahi yake: matusi ya nguoni, yaani yale yanayotaja sehemu za siri, hasa za mama wa mtu. Sarufi nayo inautia nguvu. Mzungumzaji anaweza kumhamisha mtu kutoka ngeli yake ya kawaida na kumfanya jitu au kijitu, na dharau ikabebwa na kiambishi peke yake. Majina kama kipofu, kiziwi na kiwete yana umbo la ngeli ya ki-/vi-, ngeli inayohusishwa na vitu na udogo, ingawa upatanishi wake katika sentensi ni wa viumbe hai. Si ajabu kwamba harakati za watu wenye ulemavu zimeyaepuka majina ya umbo hilo na kuchagua miundo inayoanza na mtu: mtu mwenye ulemavu, mtu asiyeona.

Hata hivyo, historia ya msamiati inaonyesha kwamba ukali hauna makazi ya kudumu. Mshenzi lilikuwa jina ambalo watu wa pwani waliwapa watu wa bara, likiwa na kiburi cha mji na dini ndani yake. Leo linaweza kumwangukia mtu yeyote, hata wa pwani, pasipo kugusa asili yake. Katika miaka ya Azimio la Arusha, kupe na nyang'au yalitoka porini yakawa matusi ya kisiasa, huku kabwela, neno la mtu asiye na kitu, likipata heshima ya mwananchi wa kawaida. Mmachinga limetoka katika kejeli likaingia katika hotuba za viongozi na nyaraka za halmashauri. Mama ntilie, jina lililozaliwa na sauti ya mteja anayeomba chakula, lilionekana halina staha ya kutosha, ndipo likaundwa mama lishe. Lakini wapo wapishi wanaoendelea kujiita kwa lile la kwanza bila kujihisi wametukanwa.

Upo pia ushahidi wa upande wa pili, yaani tusi lisilo na neno baya hata moja. Mipasho ya taarabu ya kisasa, iliyopamba moto Dar es Salaam katika miaka ya 1990 kwa ushindani wa vikundi kama Muungano Cultural Troupe na Tanzania One Theatre, na maandishi ya kanga yanayovaliwa makusudi mbele ya jirani, huumiza kwa maneno ambayo kila moja lingeweza kusomwa darasani. Ikiwa neno safi linaweza kutukana na neno chafu linaweza kuheshimu, basi kulitafuta tusi ndani ya neno ni kulitafuta mahali lisipokaa.

Mtazamo wa pili unaliweka tusi katika tendo. Kutoka kwa Austin (1962) tunajifunza kwamba kusema ni kutenda, na kwamba tendo hufaulu endapo masharti yake yametimia: anayefungisha ndoa awe na mamlaka, na mahali pawe panapostahili. Brown na Levinson (1987) wanaliona neno kali kuwa tishio kwa uso wa msikilizaji, tishio ambalo uzito wake hupimwa kwa umbali wa kijamii, tofauti ya mamlaka, na kiwango cha usumbufu katika utamaduni husika. Leech (1983) aliongeza kanuni ya masihara: tusi la wazi lisilo la kweli, linaposemwa kwa mtu wa karibu, huwa alama ya ukaribu huo.

Nadharia hizi zinasaidia, lakini zina upungufu mmoja unaofanana. Zinaanza na watu wawili. Katika kielelezo cha Brown na Levinson, msemaji anapima umbali wake na msikilizaji kisha anachagua mkakati. Katika kanuni ya Leech, ukaribu wa wawili ndio unaoligeuza tusi kuwa mzaha. Mgeni wa Kihehe katika mfano wa msiba huenda hakuwahi kuonana na marehemu, wala hana ukaribu wowote na familia yake. Kibali chake hakitokani na urafiki bali na makubaliano yaliyokuwapo kabla yeye hajazaliwa. Kwa hiyo jamii haiwezi kuachwa nyuma kama mandhari tu, kwa kuwa ndiyo iliyotoa kibali.

3. Utani: dharau yenye ruhusa, na gharama yake

Hapa ndipo maandishi kuhusu utani yanapokuwa na faida. Radcliffe-Brown (1940) aliueleza uhusiano wa utani kuwa ule ambamo mtu mmoja anaruhusiwa, na wakati mwingine analazimika, kumtania au kumdhihaki mwenzake, naye mwenzake anatakiwa asione kuwa ameudhiwa. Moreau (1944), akiandika kuhusu Tanganyika, alionyesha kwamba utani wa makabila umehusishwa mara nyingi na vita vya zamani na misafara ya biashara. Baadaye Christensen (1963) aliueleza utani wa Waluguru, na katika miaka ya 1970 Stephen Lucas akaongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kazi pana ya kukusanya maelezo ya utani wa makabila mbalimbali ya Tanzania.

Wasomaji wa fasili ya Radcliffe-Brown wamevutiwa zaidi na nusu yake ya kwanza, yaani ruhusa ya kudhihaki. Inafaa kuisoma pamoja na mambo ambayo watani wenyewe huyaweka mbele, nayo ni wajibu. Mtani hatukani kisha akaenda zake. Panapotokea msiba ni yeye anayetarajiwa kushika jembe, kuchimba kaburi, kuchota maji, kuwachekesha wafiwa wasizame katika huzuni, na kusema ukweli ambao ndugu hawawezi kuutamka. Anaweza kuuiga mwendo wa marehemu, kuukumbusha ulevi wake au kuidai mali yake, lakini atakuwapo hadi kaburi lifukiwe. Ruhusa ya kusema maneno makali inalipiwa kwa kazi za mikono.

Lugha yenyewe inaitambua tofauti hii. Utani una maana mbili: mzaha wa kawaida, ambao yeyote anaweza kuufanya, na uhusiano wa jadi baina ya makabila, koo au ndugu wa daraja fulani. Lakini mtani, hasa likiwa na kimilikishi, huelekea maana ya pili. Mtu anayefanya mzaha ni mtu wa utani au mcheshi; mtani wangu ni yule ambaye jamii imeniunganisha naye. Bibi anayemwita mjukuu wake mume wangu hachekeshi kwa ubunifu wake mwenyewe; anatumia nafasi ambayo ukoo umempa, na mama mzazi wa kijana huyohuyo hawezi kuitumia. Hata lugha ya michezo imekopa istilahi hii: Yanga, iliyoanzishwa 1935, na Simba, iliyoanzishwa 1936, huitwa watani wa jadi. Mkopo huo unafundisha kwa kile ulichokiacha. Mashabiki wamechukua ruhusa ya kudhihaki bila wajibu wa kuzikana, ndiyo maana dhihaka za mpira hugeuka ugomvi kwa urahisi zaidi kuliko dhihaka za msibani.

4. Historia ya neno mtumwa katika Songea

Ili kuelewa kwa nini neno mtumwa linaweza kuchekesha katika msiba wa Mshangano, ni lazima kujua limepita wapi. Wangoni wa Songea wanahusishwa na mawimbi ya wahamaji kutoka kusini mwa Afrika. Kundi la Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835, na baada ya kifo chake likagawanyika. Kufikia nusu ya pili ya karne ya 19, nyanda za Songea zilikuwa na tawala mbili za Kingoni, Njelu na Mshope. Kaskazini yao Wahehe walikuwa wakiijenga dola yao, na mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880 pande hizo mbili zilipigana vita vikali ambavyo havikumpa yeyote ushindi wa kumtawala mwenzake.

Hali hiyo ya kutoshindana ina umuhimu wa kiisimu. Katika utani, Mhehe humwita Mngoni mtumwa wake, naye Mngoni humwita Mhehe mtumwa wake. Madai haya mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, na kila mmoja analijua hilo. Mgongano huo ndio ishara ya mzaha. Anayesikia mtumwa wangu hatafuti ukweli wa kihistoria ndani yake, kwa sababu anajua kwamba yeye pia ana haki ya kulirudisha neno hilohilo kwa aliyelitamka. Vivyo hivyo kwa masimango ya chakula: Mhehe huambiwa anakula mbwa, Mngoni huambiwa anakula panya, na hakuna anayeleta ushahidi. Dhihaka inarudi ilikotoka, na usawa unadumu.

Sasa ulinganishwe mkondo mwingine wa historia ya mji huohuo. Maandishi ya kihistoria kuhusu Songea yanaeleza kwamba ndani ya tawala za Kingoni kulikuwa na tofauti kati ya waliojihesabu kuwa Wangoni wa asili na watu waliotekwa au kutiishwa, walioitwa sutu. Miongoni mwa waliotawaliwa walikuwamo Wandendeule, ambao Gulliver aliishi nao akifanya utafiti katika miaka ya 1950 na kuandika kuwahusu katika kitabu chake cha 1971. Hapa hapakuwa na vita vilivyoishia sare. Upande mmoja ulitawala, na jina likapita kuelekea upande mmoja. Aliyeitwa sutu hakuwa na neno la kurudisha lenye uzito uleule.

Kwa hiyo mtumwa na sutu, maneno yanayokaribiana kimaana, yalikuwa na maisha tofauti. La kwanza, baina ya Mngoni na Mhehe, linarudishika. La pili, katika tawala za Kingoni, halikurudishika. Tofauti hiyo haielezwi na kamusi, wala na umbali wa kijamii, kwa kuwa aliyeitwa sutu aliishi karibu zaidi na Mngoni kuliko Mhehe: alilima shamba jirani, aliingia katika jeshi, na aliweza kuoana na mabwana zake. Kinachoieleza ni urejeshi, yaani uwezekano wa neno kurudi kwa msemaji likiwa na nguvu ileile.

Historia ya lugha inaongeza kejeli yake. Kingoni kinachozungumzwa Songea leo kimeainishwa na Guthrie katika kundi la N, pamoja na Kimatengo, wala si pamoja na lugha za Kinguni za kusini mwa Afrika ambako viongozi wa uhamaji walitoka. Watawala walizaa na kulea watoto katika nyumba ambamo lugha ya waliotawaliwa ndiyo iliyosikika zaidi, na baada ya vizazi vichache lugha yao ya awali ikabaki katika maneno machache tu. Mtu anayejivunia kwa Kingoni kwamba mababu zake hawakuwa sutu, anajivunia kwa lugha iliyotoka kwa sutu.

5. Unyago: neno chafu kama somo

Mfano mwingine kutoka kusini mwa Tanzania unaithibitisha hoja ya kibali kwa njia tofauti. Katika unyago wa Wayao na jamii jirani, maneno ambayo hadharani yangehesabiwa kuwa matusi ya nguoni hutumiwa kumfundisha mwari kuhusu mwili wake, ndoa na usafi. Humo maneno hayo hayageuki kuwa mzaha, wala hayalegezwi. Yanabaki na uwazi wake wote, kwa kuwa uwazi ndio unaotakiwa. Kibali hapa kinafungwa na mahali, wakati, jinsia na kiapo cha siri. Kungwi anayeyatamka ndani hawezi kuyatamka sokoni, na mwari aliyefundwa anaonywa asiyatoe nje.

Kwa kulinganisha, mtani hutamka hadharani kwa sababu usalama wake uko mbele ya mashahidi, ilhali kungwi hutamka faraghani kwa sababu usalama wake uko katika kutokuwapo kwa mashahidi. Kundi moja la maneno linahitaji hadhira ili lisidhuru, na jingine linahitaji kukosa hadhira. Kwa hiyo kauli ya jumla kwamba neno kali huwa baya zaidi likisemwa hadharani haiwezi kusimama. Kila kibali kina hadhira yake, na madhara hutokea hadhira hiyo inapobadilishwa bila ridhaa ya wahusika.

6. Mahali ambapo hoja ya muktadha inashindwa

Kufikia hapa mtu angeweza kuhitimisha kwamba hakuna neno baya, kuna muktadha mbaya tu. Hitimisho hilo linapendwa sana, hasa na wale wanaotukana. Kauli ni utani tu imekuwa kinga ya mkuu wa kazi anayemdhihaki mhudumu kwa kabila lake, ya mwalimu anayempa mwanafunzi jina la ulemavu wake, na ya kijana anayemzomea binti njiani. Kauli hiyo inachanganya zile maana mbili za utani zilizotenganishwa hapo juu: inaomba ulinzi wa uhusiano wa jadi kwa ajili ya mzaha wa mtu binafsi. Anayeitoa hana wajibu wa kuzika, hayuko tayari kurudishiwa neno, na msikilizaji hakuwahi kuwa na nafasi ya kukubali au kukataa.

Neno zeruzeru linaonyesha jambo hili kwa uzito wake kamili. Kwa muda mrefu lilikuwa jina la kawaida tu katika Kiswahili, na wengi waliolitumia hawakukusudia ubaya. Lakini neno hilo liliishi pamoja na imani kwamba mtu mwenye ualbino si mtu kamili, kwamba hafi bali hutoweka, kwamba viungo vyake huleta utajiri. Kuanzia kati ya miaka ya 2000 Tanzania ilikumbwa na wimbi la mauaji na ukataji wa viungo vya watu wenye ualbino, na jambo hilo likajulikana duniani. Mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge, na mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliamua kwamba tarehe 13 Juni iwe siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino. Katika miaka hiyohiyo wenye hali hiyo wamesisitiza waitwe watu wenye ualbino.

Hapa hoja ya nia haitoshi. Msemaji anaweza kusema, kwa kweli kabisa, kwamba bibi yake alilitumia neno hilo kwa upendo. Lakini waliowindwa wanalisikia pamoja na yote waliyoyasikia yakiambatana nalo. Ikiwa jamii ndiyo inayotoa kibali, basi ni lazima kuuliza jamii ipi. Jamii pana ya Waswahili ililikubali neno. Jamii ndogo inayoitwa kwa neno hilo imelikataa. Makala haya yanashikilia kwamba katika mgongano wa aina hii kauli ya jamii ndogo ndiyo yenye uzito, kwa sababu ileile inayouhalalisha utani: neno kali huwa salama pale tu anayeitwa ana uwezo wa kulirudisha au kulikataa. Mhehe na Mngoni wana uwezo huo. Mtoto mwenye ualbino anayeitwa zeruzeru njiani hana.

Mshangano, kama kata yoyote ya mjini, ni mahali ambapo mambo haya yote yamo katika mtaa mmoja. Mhehe na Mngoni wataniane barazani, na jirani yao kutoka Mbeya awasikie akidhani wanagombana. Kijana Mndendeule asikie mtumwa likirushwa kwa kicheko, na ndani yake aguswe na historia ambayo wenye kutaniana hawaifikirii. Hakuna kosa alilolifanya yeyote kati yao. Ila hadhira imepanuka kuliko kibali. Simu yenye kamera inaipanua hadi mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kusimama na kusema, huyu ni mtani wetu, mwacheni.

7. Sheria na kamusi mbele ya neno kali

Mjadala huu una matokeo nje ya darasa. Sheria za Tanzania zina mielekeo miwili. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 89, inaharamisha lugha ya matusi inayotumiwa kwa namna inayoweza kusababisha uvunjifu wa amani. Maneno kwa namna yanaacha mlango wazi kwa muktadha: mahakama inapaswa kuuliza neno lilisemwaje, kwa nani, na lilielekea kuleta nini. Mtani wa msibani yuko salama chini ya kifungu hicho, kwa sababu tendo lake linaimarisha amani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, katika kifungu cha 18, inakataza kumtusi mtu kupitia mfumo wa kompyuta kwa misingi kama rangi, asili, utaifa, kabila au dini. Kusudi la kifungu hicho ni jema, hasa katika ukanda ulioshuhudia matokeo ya chuki za kikabila. Lakini utani wa makabila, kwa fasili yake, ni dhihaka kwa misingi ya kabila. Kwa usomaji wa juujuu, rekodi ya msiba uleule inaweza kuonekana kosa mara inapoingia katika simu. Mahakama itahitaji nyenzo ya kutofautisha, na isimu ndiyo inayopaswa kuitoa.

Kenya imejaribu njia ya orodha. Chini ya mfumo uliowekwa na Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008, tume husika ilitoa mwezi Aprili 2022, kabla ya uchaguzi mkuu, orodha ya maneno yaliyohesabiwa kuwa ya chuki, yakiwemo madoadoa na kwekwe. Sababu ya tahadhari hiyo inaeleweka: madoadoa lilikwisha kutumiwa katika Bonde la Ufa kuwataja watu wa makabila mengine kama uchafu wa kuondolewa, na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilionyesha mwisho wa maneno ya aina hiyo. Lakini orodha inalipiga neno, si tendo. Madoadoa ni ya chui na ya kitambaa pia, na kwekwe ni magugu ya kila shamba. Mwenye nia mbaya atachagua neno jingine kesho, huku mkulima akibaki na wasiwasi wa kutaja magugu yake. Orodha inafaa kama kengele ya hatari ya msimu. Haifai kama nadharia ya tusi.

Kamusi nazo zinakabiliwa na tatizo hilohilo kwa sura nyingine. Alama ya matusi au dharau inayowekwa kando ya kidahizo humwambia msomaji kwamba neno ni kali, lakini haimwambii kwa nani, wala kwamba walioitwa kwa neno hilo wamelikataa. Si lazima kamusi ibebe historia yote ya Songea. Inatosha alama zitofautishe angalau mambo matatu: neno lililo kali karibu katika kila hali, kama yalivyo matusi ya nguoni, neno ambalo ukali wake hutegemea uhusiano, kama mtumwa wangu, na neno ambalo wanaotajwa nalo wamelikataa, kama zeruzeru. Aina hii ya tatu ndiyo inayohitaji haraka zaidi, kwa kuwa kamusi ndiyo inayoingia darasani, na mwanafunzi wa Kiswahili anayelikuta neno bila onyo atalitumia akiamini amefundishwa sawasawa.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba tusi halikai katika neno peke yake, wala katika nia ya msemaji, wala katika ukaribu wa watu wawili. Hukaa katika uhusiano kati ya neno na kibali ambacho jamii imekitoa. Ili kupima kama kibali kipo, maswali matatu yanapendekezwa. La kwanza, nani aliyempa msemaji kibali: ni jamii ya anayeambiwa, au ni msemaji mwenyewe? La pili, msemaji amekilipia nini: yuko tayari kubeba wajibu na kurudishiwa neno lilelile? La tatu, anayeambiwa anaweza kukiondoa kibali hicho na akasikilizwa? Mtani wa msibani anapita katika maswali yote matatu. Anayejificha nyuma ya kauli ni utani tu hukwama kwa kawaida katika la pili, na anayeng'ang'ania neno lililokataliwa na walioitwa nalo hukwama katika la tatu.

Utani haupaswi kuangaliwa kama mabaki ya mila yanayosubiri kufutwa na adabu ya mjini, wala kama hati ya kuruhusu kila dhihaka. Uliwawezesha waliopigana kuzikana, ukalifanya neno la uadui kuwa dai la undugu, kwa sharti la urejeshi na wajibu. Uhakiki wa maneno makali katika Kiswahili ukilisahau sharti hilo, utajikuta ama unaliadhibu kicheko cha msibani, ama unaitetea dharau ya mwenye nguvu kwa jina la mila. Yule mgeni wa Kihehe, baada ya kupokea sarafu yake, ana jembe linalomsubiri makaburini. Ni kwa jembe hilo wafiwa wanalielewa neno lake.